Kozi ya PDF za skani, slaidi na video: nianzie wapi ili kila mwanafunzi aweze kuisoma?

muundakozi

Wakuu, naomba ushauri wa kiufundi. Kozi ya mtandaoni, moduli 10. Kilichopo: PDF 9 zilizoskaniwa kutoka kwenye vitini vya karatasi (kurasa 180 hivi), seti 10 za slaidi za PowerPoint, video 24 za dakika 5 hadi 8, na majaribio 10 yenye ukomo wa muda. Lugha ni Kiswahili, ila kuna dondoo za Kiingereza hapa na pale. Moduli tatu zina fomula, na zote ni picha.

Wanafunzi ni mchanganyiko: wasioona wanaotumia visoma skrini (programu zinazosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini), yaani NVDA kwenye kompyuta na TalkBack kwenye simu, wenye uoni hafifu, viziwi, mmoja asiyeweza kushika kipanya, na wengi tu wanaosomea kwenye simu zenye kioo kidogo. Nina wiki sita.

1. Nianze na kipi?
2. Nikizipitisha PDF kwenye OCR (programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi), inatosha?
3. Maandishi mbadala ya picha (maelezo yanayosomwa badala ya picha) yawe marefu kiasi gani?
4. Manukuu ya video kwa Kiswahili yanatengenezwaje bila kuandika kila neno kwa mkono?

---

nukta_sita

Naanza na la 2 kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Haitoshi.

OCR inakupa herufi, haikupi muundo. NVDA itasoma kurasa 20 kama aya moja ndefu: hakuna kichwa cha kurukia, orodha si orodha tena, na namba ya ukurasa inajichomeka katikati ya sentensi. Pia usikae kutia tagi (alama za muundo) PDF moja baada ya nyingine. Wiki sita zitaishia humo. Toa maandishi, yahamishie Word, yape muundo mara moja, kisha kutoka faili hiyohiyo toa HTML (ukurasa wa wavuti), EPUB (kitabu cha kielektroniki) na PDF. Kosa likionekana baadaye unarekebisha Word na kutoa upya.

Kutoa maandishi: skani iwe 300 dpi, ukurasa mmoja mmoja. Kitini kilichoskaniwa kikiwa wazi kurasa mbili kwa pamoja, mara nyingine mstari wa kushoto huunganishwa na wa kulia na unapata vurugu tupu, zikate kwanza. Halafu:

`ocrmypdf -l swa+eng --deskew --rotate-pages --sidecar moduli1.txt moduli1.pdf moduli1-ocr.pdf`

Kinachosahaulika ni `-l swa+eng`. Bila hiyo Tesseract, injini ya OCR inayotumiwa na ocrmypdf, inadhani yote ni Kiingereza na inaanza kubahatisha maneno. Faili ya `moduli1.txt` ndiyo unayoihitaji. Isome yote, lakini kaza macho kwenye sehemu hizi: "rn" iliyogeuka "m", tarakimu 1 iliyogeuka herufi l, maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari ("wana-" huku, "funzi" kule), na kila ng' yenye king'ong'o. "Ng'ombe" inaweza kutoka "ng ombe" au ng"ombe, na mwenye kusikiliza hana namna ya kujua kwamba ni neno moja lililovunjika.

Ndani ya Word, kichwa kiwe kichwa kweli: Ctrl+Alt+1 kwa ngazi ya kwanza, Ctrl+Alt+2 kwa ya pili, Ctrl+Alt+3 kwa ya tatu, bila kuruka kutoka 1 kwenda 3. Mstari uliokolezwa na kukuzwa hadi 16 unamdanganya anayeona tu. Kwa kisoma skrini ni aya kama aya nyingine. Kupima ni kazi ya sekunde kumi: fungua faili na NVDA ikiwa imewashwa, bonyeza NVDA+Space (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert), kisha H mara kadhaa. H isipokupeleka popote, huna vichwa.

Nafasi kati ya aya iwekwe kwenye mipangilio ya aya, na ukurasa mpya uanze kwa Ctrl+Enter. Ukisukuma maandishi chini kwa Enter nane, msikilizaji anatangaziwa mistari mitupu minane na anaweza kuamini waraka umekwisha. Visanduku vya maandishi vinavyoelea, ondoa. Picha ziwekwe sambamba na maandishi, zisielee, la sivyo zitasomwa mahali pasipo pake au zisisomwe kabisa.

Lugha: Ctrl+A, weka lugha ya uhakiki kuwa Kiswahili. Faili ikibaki imeandikwa kuwa ni ya Kiingereza, sauti ya Kiingereza ndiyo itakayosoma "maendeleo yanayoonekana", na jaribu kulisikiliza hilo kwa dakika mbili tu. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA ina Kiswahili. Kazi yako ni kuiambia wakati wa kuitumia. Dondoo za Kiingereza zenye sentensi nzima zipewe lugha yake. Istilahi ya neno moja iache: WCAG yenyewe (mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na wenye ulemavu) inaisamehe, na sauti inayobadilika kila baada ya maneno matano inachosha kuliko matamshi mabaya.

Kutoa HTML, kwa programu ya Pandoc:

`pandoc moduli1.docx -o moduli1.html --standalone --embed-resources --mathml --toc --metadata lang=sw --metadata title="Moduli ya 1"`

Ukibadilisha mwisho wa jina la faili kuwa `.epub` unapata EPUB (hapo ondoa `--embed-resources`). Fungua HTML ukague kama dondoo za Kiingereza zina `lang="en"`; isipokuwepo iweke mwenyewe kwa `<span lang="en">`. Usiyependa amri za kuandika, kuna WordToEPUB ya DAISY Consortium, ni ya bure, ya Windows.

---

kibodi_tu

Mkuu nukta_sita yuko sahihi kuhusu Word, ila swali la 1 mimi ningelipangia kinyume. Kitini kibovu kinamchelewesha mwanafunzi, na anaweza hata kusomewa na mwenzake. Jaribio lenye saa inayokimbia linamfungia nje na kumpa sifuri. Majaribio 10 ni kazi ya siku mbili au tatu. Anza nayo, vitini vifuate.

Weka kipanya pembeni kabisa. Fanya jaribio zima kwa Tab, Shift+Tab, mishale, Space na Enter. Utakwama mahali, na pale utakapokwama ndipo mwanafunzi wako anapokwama kila wiki. Mahali pa kawaida ni hapa:

Maswali ya kuburuta. WCAG 2.2 (Oktoba 2023) inadai kila kinachoburutwa kiwe na njia nyingine ya kubofya tu, na matakwa ya kibodi yapo tangu zamani. Njia rahisi ni kugeuza swali kuwa la kuoanisha kwa menyu kunjuzi. Kinachopimwa ni kilekile.

Alama ya mahali ulipo. Kuna mtu alidhani ule mstari unaozunguka kitufe unachafua muundo, akaandika `outline: none` kwenye CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa). Anayetumia kibodi sasa anabonyeza gizani. Irudishe.

Vitufe vidogo. Kiwango ni angalau pikseli 24 kwa 24 za CSS, au viachane vya kutosha. Vile viduara vya kuchagua A, B, C vilivyobanana ndivyo vinavyomfanya mwenye mkono unaotetemeka achague B akitaka A. Hakikisha kubofya maandishi ya jibu kunachagua jibu, si kiduara peke yake.

Muda. Kama ukomo si sehemu ya kinachopimwa, uondoe. Kama ni lazima, na kozi iko kwenye Moodle (mfumo wa kozi za mtandaoni), inakuruhusu kumwongezea mwanafunzi mmoja mmoja muda ndani ya jaribio lilelile bila wengine kuona. Usitengeneze nakala ya pili ya jaribio kwa ajili yake: ukisahihisha swali kwenye moja utasahau nyingine.

Halafu kuza kivinjari hadi asilimia 400 kwenye dirisha la upana wa pikseli 1280. Hapo unaona kile anachoona mwenye uoni hafifu, na karibu kilekile anachoona wa simu ndogo, maana ni sawa na upana wa pikseli 320. Ukilazimika kusogeza kushoto na kulia ili umalize sentensi moja, kuna kitu chenye upana uliokazwa. Mara nyingi ni jedwali au picha.

---

muundakozi

Asanteni. Nimekubali majaribio yatangulie. Ila baadhi ya maswali yana mchoro wenye mishale A, B, C na mwanafunzi anataja sehemu. Nikiandika maandishi mbadala si nitakuwa nimempa jibu?

---

rangi_na_umbo

Ndiyo maana swali la "yawe marefu kiasi gani" halijibiki kabla ya kuuliza picha iko pale kwa kazi gani.

Kwenye jaribio, eleza kile jicho linachokiona bila kukitaja jina. Si "Mshale B unaonyesha ventrikali ya kushoto", bali "Mchoro wa moyo uliokatwa wima, ukitazamwa kwa mbele. Mshale B unaelekea kwenye chumba cha chini, upande wa kulia wa picha, chenye ukuta mnene kuliko vyote." Anayeona anapata vidokezo hivyohivyo, kwa hiyo hujampendelea mtu. Ikiwa maelezo yoyote yale yanatoa jibu, swali lilikuwa linapima macho. Liandike upya kwa maneno.

Kwenye kitini, mfano wa grafu ya maji yanayochemshwa. Maandishi mbadala mabovu: "grafu". Mabovu pia: "Grafu ya mstari yenye mhimili wa x na wa y na mstari wa bluu". Yanayofaa: "Grafu ya mstari: joto la maji linapanda kutoka 20°C hadi 100°C katika dakika 8, kisha linabaki 100°C hadi dakika ya 12." Sentensi moja au mbili. Usianze na "Picha ya", kisoma skrini kimeshatangaza kuwa ni picha. Vipimo vikiwa vingi, weka jedwali chini ya grafu na maandishi mbadala yaseme tu mwelekeo. Picha ya pambo itiwe alama ya pambo ili irukwe. Na yale maelezo ambayo Word hujitungia yenyewe, yafute. Mara nyingi yanaona "mchoro" basi.

Nyongeza ambayo hukuuliza: rangi. Maandishi ya kawaida yanahitaji utofautishaji wa 4.5:1 na mandhari yake. Makubwa (pointi 18, au 14 yaliyokolezwa) 3:1. Juu ya nyeupe, kijivu #767676 kinapita kwa 4.54, na #777777 kinafeli kwa 4.48. Kwa jicho hutaona tofauti, kwa hiyo pima kwa programu, usikadirie. Nyekundu kamili #FF0000 juu ya nyeupe ni 4.0, inafeli, na ndiyo walimu wanayoipenda kuliko zote kwa kuandika "MUHIMU". Tumia #C00000. Na maelekezo ya aina ya "majibu sahihi yako kijani" yaongezewe neno au alama, kwa sababu kijani na nyekundu kwa wengine ni rangi moja ya udongo.

Viungo: orodha ya viungo kwenye NVDA (NVDA+F7) inavionyesha vikiwa vimeng'olewa kwenye sentensi zake. Saba vyote vikiitwa "bofya hapa" ni kama funguo saba zisizo na alama. Kiitwe kinachofunguka: "Zoezi la moduli ya 3, PDF, MB 2".

Slaidi, kwa ufupi. Kila moja iwe na jina lake, tofauti na nyingine. Fungua mwonekano wa muhtasari: maandishi usiyoyaona pale yako ndani ya visanduku vilivyochorwa kwa mkono, nje ya mpangilio wa slaidi. Kisha Alt+F10 kwa mpangilio wa kusomwa, na hapa wengi hukosea, maana orodha hiyo inasomwa kutoka chini kwenda juu. Jina la slaidi liwe chini kabisa.

---

dakika_sita

Swali la 4. Video 24 kwa wastani wa dakika 6 na nusu ni kama dakika 156. Kazi inafanyika.

Kama mwalimu alisoma maandishi yaliyoandaliwa, nusu ya kazi umeshaimaliza: hayo ndiyo maneno, bado kuyakata na kuyapa muda. Kama hayapo, Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, inajua Kiswahili:

`whisper video01.mp4 --language sw --model large --output_format vtt`

Weka `--language sw` kwa lazima. Ikiachwa ijitambulie lugha, salamu moja ya Kiingereza mwanzoni inatosha kuipoteza. Matokeo yake ni rasimu tu. Itakosea majina, tarakimu, istilahi, na vitenzi virefu: "hawajakifungua" inaweza kugeuka maneno mawili yasiyo na maana. Hatari zaidi ni pale inapokosea kwa ufasaha, kwa mfano kiambishi cha ukanushi kikidondoka, "haziongezeki" ikawa "zinaongezeka". Sentensi inasomeka vizuri kabisa na inafundisha kinyume. Kwa hiyo sikiliza huku unasoma, usisome tu.

Kukata: mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 40 hivi. Kiswahili kina maneno marefu, usivunje neno na usiache "ya" au "kwa" ikining'inia mwisho wa mstari. Kila kipande kikae kati ya sekunde 1 na sekunde 6 au 7. Hivi, ndani ya faili ya manukuu ya VTT:

```
WEBVTT

00:00:04.000 --> 00:00:07.500
Tazama mstari mwekundu:
unapanda, kisha unanyooka.

00:00:07.800 --> 00:00:09.600
[kipima muda kinalia]
```

Sauti yenye maana iandikwe kwenye mabano ya mraba. Wakiongea zaidi ya mmoja, taja anayeongea.

Usiyachome manukuu ndani ya picha ya video. Hayakuzwi, hayazimwi, hayatafutiki, na kosa la herufi moja linakulazimisha kutoa video upya.

Manukuu ni ya asiyesikia. Asiyeona ana shida nyingine: "kama mnavyoona, hii inakwenda hapa, halafu hii hapa". Kama unarekodi upya video yoyote, mwalimu ataje anachokionyesha: "mshale unatoka kwenye betri kwenda kwenye taa". Sauti ikishasema kila kilicho muhimu kwenye picha, huhitaji maelezo ya sauti ya ziada. Kwa zile za zamani, weka chini ya video maandishi kamili pamoja na maelezo ya kinachoonekana. Hayo yanamsaidia pia anayetumia nukta nundu, na mwenye bando dogo anasoma bila kupakua video. Na kumbuka kwamba kwa viziwi wengi lugha ya alama ndiyo ya kwanza, Kiswahili cha maandishi ni cha pili. Manukuu ya sentensi fupi yanafika. Ya sentensi ya mistari sita yenye "ambayo" nne hayafiki.

---

muundakozi

Nimejaribu moduli moja. HTML imetoka safi, H inaruka vizuri. Shida tatu: (a) fomula bado ni picha, `--mathml` haikufanya kitu, (b) jedwali la vipimo NVDA inalisoma hovyo, namba za safu zinaruka, (c) manukuu ya video ya kwanza hayaonekani kabisa, ingawa faili imepakiwa.

---

nukta_sita

(a) Pandoc haisomi picha. Fomula lazima iandikwe upya ndani ya Word: Alt+=, kisha unaichapa. Ikishakuwa mlinganyo halisi, `--mathml` itaigeuza. NVDA ikiwa na MathCAT (programu ya kusoma fomula), mwanafunzi akibonyeza NVDA+Alt+M anaingia ndani ya fomula na kutembea kipande kwa kipande: juu ya mstari wa sehemu, chini yake, kipeo. Maandishi mbadala kama "x sawa na hasi b jumlisha au toa kipeuo cha pili cha..." hayana mahali pa kusimama, na msikilizaji hajui kipeuo kinaishia wapi. MathCAT pia hutoa nukta nundu za hesabu, kwa mfumo wa Nemeth au wa UEB. Moduli tatu, chapa tu.

(b) Una seli zilizounganishwa. Nadhani jedwali lako lina "Jaribio la 1" limetandazwa juu ya safu tatu, au jina la kundi limeshuka mistari minne upande wa kushoto. Zitenganishe na urudie jina kwenye kila mstari. Linaonekana la kujirudia kwa macho, lakini anayetembea kwa Ctrl+Alt+mishale anahitaji kila seli ijitegemee. Seli tupu weka "hakuna" au kistari. Kisha kwenye mtindo wa jedwali weka alama kwamba mstari wa kwanza ni wa vichwa, toa HTML upya na utafute `<th>`. Usipoiona, Word haikuelewa. Vichwa vya ngazi mbili? Vunja jedwali liwe mawili, kila moja na jina lake juu.

PDF utakayotoa mwishoni, itoe kwa kuhifadhi kama PDF huku chaguo la tagi za muundo likiwa limewekwa alama. Njia ya kuchapisha kwenda PDF kwa kawaida hutupa tagi zote, na kazi yote ya vichwa inapotea bila onyo lolote.

(c) namwachia dakika_sita.

---

dakika_sita

Fungua faili kwa kihariri cha maandishi na utazame milisekunde. Kama ni `00:00:04,000` kwa koma, hiyo ni SRT (aina nyingine ya faili ya manukuu) iliyobadilishwa jina tu. VTT inataka nukta. Mstari wa kwanza uwe `WEBVTT` peke yake, mstari mtupu chini yake, na faili ihifadhiwe kama UTF-8. Ikiwa yote hayo yapo sawa na bado hayaonekani, angalia mahali ilipopakiwa: huenda ulichagua aina ya maelezo au sura badala ya manukuu, na hizo kicheza video hakizionyeshi kama maandishi chini ya picha.

---

muundakozi

Ilikuwa koma.